Maswali ya Araksi Terzian

Baba padri, wafiwa wenzetu, majirani wa Watertown, na ninyi wachekeshaji mliosimama ukutani kana kwamba mnangoja zamu ya jukwaani, sogeeni mbele, viti vipo, leo hakuna wa kuzomewa.

Marehemu Araksi Terzian alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Watertown, Massachusetts, mtoto wa Hagop, mshona viatu, na Siranush, ambaye mikate yake ya Pasaka ililisha nusu ya mtaa, akasoma shule za hapa, kisha chuo cha utangazaji mjini Boston, akahitimu Juni 1960 akiwa wa kwanza darasani, halafu redio ikamwambia sauti ya mwanamke haifai kusoma habari, ikamkabidhi mkasi akate na kuunganisha kanda za sauti za wanaume, na familia inaomba radhi kanisani humu, lakini huo ulikuwa upuuzi.

Tarehe 9 Septemba 1962 alifunga ndoa na Vahan, fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2004, wakajaliwa binti mmoja, Lusine, na mjukuu mmoja, ndiye huyu anayewasomea, ambaye marehemu alimfundisha kubishana kabla hajajua kushika uma.

Februari 1993 aliajiriwa na studio ndogo ya katuni kukata sauti za kipindi kipya, Kochi la Daktari Wendell, ambamo daktari mpole wa ushauri nasaha huwasikiliza wagonjwa wake, na wagonjwa ni wachekeshaji wa vilabu vya Boston wakisimulia matatizo yao, sauti ikirekodiwa kwanza, michoro ikifuata. Siku ya kwanza Declan Foy, yule pale mwenye tai ya njano, aliwekwa chumbani peke yake na maikrofoni, akauchekesha ukuta, ukuta usicheke, mabwana wa studio wakaanza kutazamana, ndipo Araksi akatoka kwenye mitambo yake, akavuta kiti, akaketi mbele yake, akasema, "Haya mwanangu, nani kakuudhi?" Declan akajibu, "Mama yangu," naye akamwambia, "Mama yako simjui, kwa hiyo anza mwanzo," na Declan akasema mpaka kanda ikaisha, watu nje ya kioo wakishika mbavu.

Tangu hapo, kwa misimu sita, kila mgonjwa alizungumza na Araksi, kisha sauti yake ikafutwa, mwigizaji akayarudia maswali yale yale kwa sauti nzito ya Daktari Wendell, na nchi nzima ikasema, jamani, daktari huyu anajua kuuliza! Tuzo ilipokuja mwaka 1996, mabwana walimshukuru jukwaani, eti kwa kuwapikia kahawa. Kahawa! Ya ofisini hata hakuinywa, aliiita maji ya kufulia. Alitaka kitu kimoja tu, jina lake liandikwe mwanzoni mwa kipindi, akaomba kila msimu, na kila msimu akajibiwa, "Araksi, mbona unajisumbua, kuuliza nako ni kazi?"

Novemba 2023 aligundulika ana saratani ya mapafu, na majira hayo hayo kituo cha televisheni kikawaalika wachekeshaji kusherehekea miaka thelathini ya kipindi, Declan akajibu kwa niaba ya wote, "Bila jina la mama hatuji, na mkituletea kahawa tutaimwaga," kituo kikabisha, kikanuna, kikasalimu amri. Tarehe 2 Mei 2024, akiwa kitandani, Araksi aliona kwa macho yake kipindi cha sherehe hiyo kikifunguka kwa maneno Maswali: Araksi Terzian, akaamuru kirudishwe nyuma, kikarudishwa tena na tena, kisha akasema, "Herufi zenyewe ndogo." Declan akavuta kiti, akamwambia, "Haya mama, nani kakuudhi?" na mwanamke aliyesikiliza watu maisha yake yote akaanza mwanzo, kwenye ule mkasi wa redio, akasema mpaka supu ikapoa, nasi tulicheka hadi muuguzi akaja kutugombeza, akaishia kuketi.

Alifariki tarehe 6 Mei, alfajiri, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, mafundi wenzake wa sauti, na wachekeshaji, ambao kwa mara ya kwanza maishani mwao walinyamaza wakasikiliza.

Pumzika kwa amani, bibi, na ukifika mbele ya Muumba, vuta kiti, umuulize yeye kwanza: haya, nani kakuudhi?