Jembe Langu Lilikuwa Shambani

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu nawasalimu kwa jina la Mungu aliyenivumilia kuliko nilivyostahili. Mama mwenyekiti ameniambia niseme kwa kifupi. Wanaonijua wanacheka, na nawaona. Nitajitahidi. Majina ya watu sitayataja, maana kisa hiki ni changu mimi, si chao.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijijini. Mnakumbuka tulivyopangwa mstari, ukipiga chafya nyumba ya tatu wanakuitikia. Jumanne ilikuwa siku ya shamba la ujamaa, mahindi na maharage kule mgongoni mwa kilima. Kila mtu alipimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima, na kila mtu alikuwa na ngwe ileile wiki zote. Sasa aliyechagua Jumanne sijui aliwaza nini, kwa sababu Jumanne ndiyo gulio la Soni tangu enzi za bibi zetu. Na mapeasi hayangoji mkutano. Yakishaiva yameiva.

Basi sisi wanawake sita tukajifanya tuna akili. Kila Jumanne mmoja wetu alishuka Soni na matunda ya wote, na watano waliobaki walimlimia ngwe yake. Anayekwenda aliacha jembe lake limechomekwa kwenye ngwe, na kanga yake juu ya mpini. Balozi wa nyumba kumi akipita kukagua, anaona jembe, anaona kanga, anajua mwenyewe kaingia kichakani mara moja. Na mwanamume mwenye adabu haulizi mwanamke kaingia kichakani kufanya nini. Anaandika yupo, anapita. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wifi yangu ndiye aliyelibuni jambo hilo, naye ndiye aliyetuapisha kwamba hakuna atakayemtaja mwenzake.

Jumanne ninayoisema ilikuwa zamu yangu. Nimetoka alfajiri na tenga langu kichwani, ukungu umeshika njia yote. Nimefika kwenye kona yenye mti wa mkuyati, nasikia miguu midogo nyuma yangu. Nageuka, namwona mtoto wa jirani. Alikuwa na miaka sita hivi. Mama yake alikuwa shambani kama wenzake, yeye ameachwa kwa bibi yake. Mtoto yule alinipenda, akiniita shangazi, na alijua nikitoka Soni sikosi sukari guru kwenye pindo la kanga.

Nilikasirika. Si kwa kosa lake, ni kwa hofu yangu. Nikamwambia rudi nyumbani sasa hivi. Nikampa peasi moja. Halafu nikainama, nikamshika kidevu, nikamwambia: "Usimwambie mtu umeniona. Ukiulizwa lolote, nyamaza, mpaka mimi mwenyewe nikuambie sema."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda zangu, na sikugeuka kutazama kama amerudi.

Jioni nilipopanda kutoka Soni nilikuta kijiji kizima kiko nje. Mtoto haonekani. Bibi yake alidhani amemfuata mama shambani, mama alidhani yuko kwa bibi. Nilitaka kusema palepale, nawaambia ukweli. Mdomo nilishaufungua. Wifi akanishika mkono, akanivuta nyuma ya banda la mbuzi, akanikumbusha kwamba nikisema nilikuwa njia ya Soni, na wao watano wamekwisha. Mtoto atapatikana tu, alisema, labda kalala mahali. Nikajiambia ni kweli, labda kalala mahali. Ndugu zangu, hapo ndipo mlango ulipofungwa, na niliufunga mimi kwa mkono wangu nikiwa ndani.

Kesho yake wakaja askari kutoka wilayani, sajenti mmoja na vijana wawili. Wakakaa kwenye ghala la kijiji, wakatuita mmoja mmoja. Kijiji kizima kilikaa nje pale kama tunangoja matanga. Kila anayetoka anaulizwa: wamesema nini, wamekuuliza nini? Yule sajenti alikuwa mtu mpole, anaandika polepole, anarudia maneno yako kabla ya kuyaweka kwenye karatasi. Akaniuliza jana nilikuwa wapi. Nikajibu, "Jembe langu lilikuwa shambani, afande, balozi ameliona."

Nilijiona mjanja. Nilidhani nimesema kitu ambacho si uongo.

Akatazama karatasi yake, akasema, "Basi wewe ndiye mwenye ngwe ya mwisho, ile inayotazama njia ya Soni. Mtoto hakupita njia ile?"

Mngefanya nini? Kama niko shambani tangu alfajiri, na njia iko chini ya macho yangu, ni lazima nijue. Nikasema hakupita. Akarudia: hakupita. Akaandika. Nikaweka dole gumba. Na kwa neno langu hilo wakaiacha njia ya Soni, kwa sababu kulikuwa na mtu mzima aliyeitazama siku nzima asione mtoto. Msako wote ukageuzwa kuelekea msituni.

Msituni kulikuwa na mpasua mbao, mgeni, amekuja kwa kibali, anaishi peke yake karibu na shimo lake la kupasulia. Alikuwa akiwachongea watoto pia za mti za kuchezea. Kwa watu wenye hofu hiyo ilitosha. Siku ya pili mtu akaokota kitambaa karibu na shimo, akasema ni cha mtoto. Siku ya tatu neno mumiani likaanza kutembea, kwamba wageni wanakamata watoto kuwanyonya damu. Siku ya nne vijana wetu wakamleta yule mtu mikono imefungwa kwa kamba ya katani, uso umevimba, wakamkabidhi kwa askari, naye sajenti akamchukua, nadhani hasa kwa kumwokoa tusimuue. Alipopita mbele yangu hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anarudia tu kwamba hakumwona. Watu wengine wakapiga vigelegele.

Na mimi nilipiga. Nasema ili mjue nilifika wapi. Nilipiga vigelegele, kwa sababu wifi na wale wengine walikuwa wananitazama, na mwanamke asiyepiga angeonekana.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Yule mtu hakuwamo. Mimi nilikuwamo, na kila siku iliyopita mtego ulizidi kukaza. Siku ya kwanza ningesema ningeitwa mtoro wa shamba. Siku ya tano ningesema ningeitwa mtu aliyewadanganya polisi, aliyemfungisha mtu asiye na hatia, na labda aliyemuua mtoto, maana nani basi alimwona wa mwisho? Nilikuwa nikihesabu hivyo nikitwanga, nikihesabu hivyo nikichota maji. Nikienda kusali hapa, kwenye benchi lile pale, nilikuwa natazama tu midomo ya wenzangu ili nijue wamefika wapi kwenye wimbo. Kumwomba Mungu nilishindwa. Ningemwambia nini ambacho hakukiona?

Na zamu ya kupeleka chakula kwa wale jirani zetu ilinifikia, kama ilivyo kawaida yetu nyumba ikipata msiba. Nilipeleka bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage. Mama mtoto akanishukuru, akaniambia Mwenyezi Mungu anilipe. Nililia njia nzima, na walioniona wakasema tazama anavyowapenda jirani zake.

Jumanne ikarudi. Siku ya shamba. Hakuna aliyeshuka Soni, hata kwa dawa. Tumeinama kila mtu kwenye ngwe yake, namwona mama mtoto anapanda kilima. Yeye alikuwa ameruhusiwa asilime. Hakubeba jembe. Akaanza ngwe ya kwanza, akasimama, akamwuliza mwenye ngwe ile neno, akaenda ya pili. Nikaelewa. Alikuwa anamwuliza kila mtu, mmoja mmoja, kutokea pale alipokuwa amesimama wiki iliyopita, aliona nini. Ngwe kwa ngwe anakuja. Mimi ni wa mwisho. Ningeweza kukimbia, lakini ningekimbilia wapi? Nilikuwa naendelea kulima mahali palepale nilipokwisha kulima.

Akafika. Alikuwa amekonda hata kanga haishiki kiunoni. Hakunishuku hata kidogo. Aligeuka, akaitazama njia ya Soni ilivyo wazi pale chini, kila kona unaiona, mpaka ule mkuyati. Akasema, "Dada, hapa ndipo panapoonekana pote. Nakuomba ukumbuke tena. Hata kama uliona kitu kama mbuzi."

Nawaambia, angenitukana ningestahimili. Lakini aliniomba. Nikaliachia jembe, likaanguka.

"Sikuwepo, mdogo wangu," nikamwambia. "Jembe lilikuwepo. Mimi sikuwepo."

Kisha nikamwambia yote, mkuyati, peasi, na lile neno nililomwambia mwanawe. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye udongo, akaniambia, "Twende kwa askari." Tukashuka wawili. Nyuma yangu nilimsikia wifi akiniita kwa jina la baba yangu, na nilijua sitakuwa na wifi kwa muda mrefu.

Sajenti alinisikiliza mpaka mwisho. Akatoa karatasi yenye dole gumba langu, akaiweka mezani baina yetu. Halafu akaniambia nipande Landrova, mama mtoto akaambiwa angoje kijijini.

Soni ilichukua muda mfupi tu. Hilo ndilo linaloniuma. Mwanamke wa kwanza tuliyemwuliza, muuza viazi, alikumbuka mtoto aliyeshika kokwa la peasi mkononi anatafuta mtu katikati ya watu. Utingo wa lori la kabeji akakumbuka kwamba siku ile walipanda kina mama wengi wenye watoto kushuka Mombo, na nani atahesabu watoto wa watu? Mtoto wangu yule alikuwa amemwona mtu aliyevaa kanga kama yangu, akamfuata mpaka juu ya lori.

Mombo tulimkuta nyumbani kwa mama mmoja mpishi wa stendi. Kila mtu aliposhuka kwenye lori na kwenda zake, mtoto alibaki amesimama. Yule mama akamchukua, akampeleka kwa balozi wake, wakamwuliza jina, wakamwuliza kwao, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa. Siku saba mtoto hakutoa neno. Wakadhani ni bubu. Yule mama alikuwa akimkalisha stendi kila asubuhi karibu na sufuria, labda atokee mtu wa kumtambua.

Mtoto alikuwa ukumbini anachambua mchele. Akainua macho akaniona nimesimama na askari. Hakunikimbilia. Alimtazama sajenti, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo, "Shangazi, sasa naweza kusema?"

Samahani, ndugu zangu. Nipeni kidogo.

Nilimwambia, "Sema, mwanangu. Sema yote." Na alisema. Alimtaja mama yake, bibi yake, kijiji, mbuzi wao mmoja mmoja, na akamweleza sajenti kwamba shangazi huwa anakwenda Soni siku ya shamba na jembe lake linabaki. Hata sajenti alilazimika kugeuka pembeni.

Yule mpasua mbao aliachiwa. Nilimfuata kumwomba msamaha, nikapiga magoti mbele yake. Akaniambia amesikia nilivyoomba. Akafunga msumeno wake akahama. Sidai kwamba alinisamehe, wala sitawadanganya kwamba dhambi ile imenitoka kichwani. Adhabu ya kijiji nilipewa, kulima shamba la shule peke yangu msimu mzima, na niliistahili. Iliyonishinda ni upweke. Kwenye shamba la ujamaa wanawake hawakutaka ngwe jirani na yangu. Wale watano walikuwa wamejulikana, na kila mmoja aliniona mimi ndiye msaliti. Nikisalimia, salamu inaanguka chini.

Ikaja Jumanne moja ya masika, nimeinama peke yangu, nasikia jembe linagonga karibu. Mama mtoto amebadilishana ngwe na mtu, amekuja ya pembeni yangu. Akalima. Wiki iliyofuata akaja tena. Ya tatu wifi yangu akaja, amenuna, lakini amekuja. Hivyo ndivyo nilivyorudi kuwa mtu.

Namshukuru mama yule. Yeye ni wa msikitini, lakini leo amenisindikiza, amekaa pale karibu na mlango. Namshukuru mama wa Mombo aliyemlisha mtoto asiyemjua, na sajenti aliyeniambia nipande gari badala ya kunitia pingu, na mchungaji na shehe waliofanya dua pamoja siku mtoto alipoletwa. Mficha uchi hazai, tunasema, na tunausema kirahisi. Mimi nawaomba kitu kimoja tu. Ukiwa umemfunga mtu mdomo kwa ajili ya aibu yako, hasa mtoto, nenda ukamfungue leo. Atakutii kuliko unavyodhani.

Msichana yule sasa yuko darasa la sita. Akitoka shule anapita njia ile ya chini ya shamba, na anaponiona juu kule shambani anasimama, ananiita kwa nguvu mpaka wote wanasikia: "Shikamoo shangazi! Upo?"

Nami nainuka, nashika kiuno, nachomoa jembe nimwonyeshe mkono uliolishika. Namwambia marahaba mwanangu, nipo.