Mfuko wa Bluu Chini ya Meza ya Kukatia

Sogeeni karibu na kitanda, wanangu. Maëlle kaa upande huu, Goulven ule, na mama yenu Soazig abaki hapo mlangoni anaponisikia, maana ninalotaka kusema linamhusu yeye kuliko nyinyi. Karakana ya matanga ni yenu nusu kwa nusu, boti ni yenu pia, na mwezi wa kumi na moja mtavuka nayo Atlantiki, jambo linalonifurahisha mno. Lakini wiki nzima nawasikia jikoni mkibishana juu ya tanga jepesi la upepo wa nyuma, mpaka mmenuniana, na siku ishirini baharini hazikaliki mkiwa mmenuniana.

Maëlle, unataka lile kubwa la kushikiliwa na boriti, kwa kuwa ulishinda nalo mashindano. Mlikuwa watu wanane, binti yangu. Sasa mko wawili, na kila saa mmoja wenu atakuwa amelala. Goulven, lako la kujiviringisha ni rahisi, sikatai, ila ni la upepo wa ubavuni. Upepo ukija nyuma litapigapiga kama shuka lililoanikwa. Msiulize lipi lina kasi. Ulizeni ni lipi mtu mmoja mwenye usingizi anaweza kulitua peke yake.

Hilo nilijifunza kwa vidole vya baba yenu mdogo, Fañch. Mnajua ninavyosimulia: mama yenu alimtaja botini yule mnyama wa masikio marefu, ambaye mabaharia wa kwetu hawamtaji, mkosi ukatushukia, kamba ikamkata Fañch vidole viwili. Kila Krismasi nimesimulia, watu wakacheka, mama yenu akaondoa sahani mezani. Ni uongo. Tulikuwa tunakimbia na upepo, na ukikimbia nao huusikii, shingo haipati baridi, kahawa haimwagiki. Soazig aliniambia mara tatu, "Erwan, tua tanga, bahari inaanza kuwa nyeupe." Nikamwambia asinifundishe kazi. Tulipogeuka kuukabili ndipo tukaujua upepo, tanga likagoma kushuka, Fañch akaikamata kamba kwa mikono mitupu. Mnyama hakuhusika. Ni mimi.

Majira yale ya baridi mama yenu alishona tanga lake mwenyewe, dogo, la nailoni nyepesi, pembe inafungwa omoni, mbele ya boti, bila boriti, na lina soksi ndefu ya kitambaa, ukivuta kamba moja inalimeza lote. Nikalicheka, nikalificha, nikasema nimeliuza. Lipo, kwenye mfuko wa bluu chini ya meza ya kukatia. Mwezi uliopita nilikagua mishono yote, sikuona pa kurekebisha. Upepo ukiwa nyuma kabisa, pindeni mwelekeo kidogo ili lishibe upepo. Mtachelewa siku moja, na siku moja si kitu. Mkiona povu jeupe, tueni, hata kama shingo haisikii kitu.

Goulven, nenda kwa Fañch, umwambie haya neno kwa neno. Maëlle, usilie, nishike tu mkono. Soazig, njoo sasa... karibu, sauti inaniishia. Sungura. Umesikia? Sungura, mke wangu. Haya... nendeni salama, wanangu, na upepo uwape joto migongoni... Mama yenu akitaka, aende nanyi. Zamu ya kwanza... mpeni yeye.