Bisibisi, Taa ya Mlingotini na Sakafu Iliyokauka

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaani na majirani wa gatini, kwa niaba ya familia tunawashukuru kwa kufika, na tunaomba mtuvumilie kidogo tuwasimulie habari za dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bisibisi, kwa sababu hakuwahi kukosa bisibisi mfukoni, hata siku ya harusi yake, kama picha zinavyoonyesha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika hospitali ya mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshona nguo, na wa pili na wa mwisho ni huyu anayewasomea. Akiwa na miaka minane aliifungua redio ya baba ili aone anayezungumza yuko wapi, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi, na redio ile ikaimba vizuri kuliko mwanzo, jambo ambalo baba hakulisamehe kabisa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari, kisha Julai 1975 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, akiwa msichana pekee darasani, akahitimu Novemba 1977. Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa na shirika la umeme, akapangiwa karakana ya bandarini, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Vijana waliopita mikononi mwake wamo humu leo, watu wazima wenye vitambi vyao, na hakuna asiyekumbuka fundisho lake la kwanza, kwamba waya wowote unaotoka nje kuingia ndani upindwe kwanza kwenda chini, ufanye tumbo, ndipo upande kuingia tunduni, ili maji ya mvua yanayoufuata yadondokee pale tumboni yasipite ndani, na aliyesahau alirudishwa juu ya ngazi ileile mbele ya wenzake wote, akasubiriwa mpaka aupinde.

Tarehe 20 Desemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, shemeji yetu aliyeketi pale mbele, mtu aliyezijua bahari zote kwa ramani na asiyejua kuogelea hata kidogo. Mungu akawajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1984, akarithi mikono ya baba na kichwa kigumu cha mama.

Sasa tufike kwenye mashua. Nyuma ya karakana ilikuwepo mashua ya matanga iliyotelekezwa kwa miaka, ndege wakitaga ndani, na mwenye mashua alipomwambia fundi wetu aichukue kabla haijawa kuni, aliichukua kweli, na familia ikamwambia waziwazi kwamba akili zimemruka. Tarehe 2 Machi 1991 walihamia humo, mume, mke, mtoto na mbwa wao Waya, wakatuaga kwamba watakaa kwa muda tu, mpaka matengenezo yaishe watweke matanga waende, na nyote mnajua kwamba matengenezo hayakuisha, leo pampu, kesho usukani, keshokutwa choo, na Mwalimu akawa akiulizwa safari lini anajibu kwamba yeye alioa mke mmoja tu, hii mashua ndiyo iliyomwoa yeye.

Mwaka 1996, binti alipoanza masomo ya jioni, mama yake alipanda mlingotini akafunga taa juu kabisa, ili mtoto akitoka shuleni aione tangu kilimani na ajue nyumbani ni wapi, na alifanya kazi ile kwa haraka mno, kati ya zamu na zamu, kwa kuwa masomo yalikuwa yanaanza jioni hiyohiyo. Baada ya hapo mashua ilianza kuvuja. Maji yalijikusanya chini ya sakafu, yakapanda mpaka kwenye mbao, na kila alipoyaonja, maana ndivyo wanavyofanya wenye vyombo kujua kama ni ya bahari au la, yalikuwa matamu. Akabadilisha tangi la maji ya kunywa, akabadilisha mabomba, akaziba sitaha ubao kwa ubao, na bado, siku moja au mbili baada ya mvua, sakafu ililowa.

Novemba 1998, asubuhi ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, binti aliamka akakuta viatu, soksi na begi vimeloa chapachapa, akaenda hivyohivyo, na kila alipopiga hatua ukumbini viatu vililia na wenzake wakacheka. Aliporudi alifunga nguo zake, akamwambia mama yake, bila kupandisha sauti, kwamba atarudi siku sakafu itakapokauka, akahamia kwa mama yake mdogo, mtaa wa pili, yaani kwangu. Dada hakubishana naye. Alikuja tu akaketi jikoni pangu, akasema mtoto ana haki, akalia, na hiyo ni mojawapo ya mara chache sana tulizomwona akilia.

Binti alisoma, akawa muuguzi, akapangiwa hospitali ya mji mwingine wa bandari, akaolewa huko, na kila alipokuja likizo walikutana kwangu, wakapendana na kutaniana vizuri, lakini mguu wake haukukanyaga mashua, na mama yake hakumwomba, maana neno lilishasemwa na wote wawili ni walewale. Kwa hiyo mlipokuwa mkimwona amejikunja chini ya sakafu ile na tochi mdomoni, mkasema huyu mama na mashua yake, alikuwa akimtafuta mwanawe.

Wakati huo Waya alishakufa, wakawepo mbwa wawili, Fyuzi na Soketi, na Soketi alikuwa na tabia ya kulamba chini ya mlingoti, pale unaposhuka ndani na kukita sakafuni, akakaripiwa kila siku kwamba analamba chumvi ataharisha, huku bakuli lake la maji likibaki limejaa na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Aprili 2012, mvua ikiwa inanyesha, Mwalimu alipomkemea tena, dada aliweka kidole palepale, akaonja. Yalikuwa matamu, na Soketi kumbe alikuwa anakunywa. Mvua ilipokatika aliketi kwenye kibao cha kamba, akiwa na miaka hamsini na mitano, Mwalimu akamvuta hadi juu huku akifumba macho, naye akakuta waya wa ile taa umeingia tundu la mlingoti moja kwa moja, umenyooka, hauna tumbo, maji yakiufuata ndani ya mlingoti hadi sakafuni. Yeye, aliyewapandisha ngazi watoto wa watu miaka yote ile! Mwalimu anasema alisikia kicheko huko juu, halafu akasikia si kicheko.

Aliupinda waya, akaziba tundu, sakafu ikakauka, lakini alikataa katakata binti apigiwe simu, akasema sakafu haisimuliwi, sakafu hukanyagwa, akasubiri misimu ya mvua ipite ahakikishe. Mei 2014 walitweka matanga kwa mara ya kwanza, injini ikazimika siku ya pili, choo kikaziba siku ya tatu, Mwalimu akatapika akiwa amemkumbatia Fyuzi, na wakafika bandari ya binti yao tarehe 17, saa za jioni, wakawasha taa ya mlingotini ndipo wakamwita. Alikuja na sare zake za kazi, akavua viatu, akatembea na soksi kutoka mbele hadi nyuma ya mashua, akainama akagusa soksi. Mama yake alipomweleza kwamba ile taa ndiyo iliyokuwa ikivujisha, binti alimshika mikono akamwambia kwamba kwa mama mdogo alisogeza kitanda dirishani ili aione, na hakuwahi kulala kabla ya kuiona. Alilala mashuani usiku huo.

Walibaki huko, wakapata wajukuu wawili, waliojifunza kushika bisibisi kabla ya kijiko. Agosti 2022 marehemu alianza kuugua moyo, akatibiwa na kupata nafuu, akarudia pampu zake, hali ikabadilika Januari mwaka huu wa 2024, na tarehe 11 Februari akafariki dunia hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, Fyuzi aliyezeeka, mbwa mdogo aitwaye Swichi, na choo ambacho hadi leo hakifanyi kazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kama mama wa mwenzao, majirani wa gatini waliowalisha mbwa, wafanyakazi wenzake wa karakana, na mafundi vijana walioufunga umeme wa turubai hili, nyaya zote zikiwa na tumbo, tumeziona.

Dada, juzi kulinyesha sana kule bandarini. Mwanao, kabla ya kuja kukuzika, alivua viatu akapita mashuani mbele hadi nyuma, taa ikiwaka juu, na ameandika ujumbe tukusomee. Sakafu ni kavu, mama. Pumzika kwa amani.