Blandina Ngoie Kabange, Aliyeunda Bamba la Theluji Pinetown (1966–2015)

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 27 Juni 2015, ni Blandina Ngoie Kabange, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Anatole Kabange na marehemu mama Ngoie Kayumba. Alizaliwa Likasi, Katanga, siku ya Jumatatu tarehe 14 Machi 1966. Baba yake alikuwa mchomeleaji wa reli, na nyumba yao ilipakana na karakana. Kila mchana Blandina alimpelekea baba chakula, kisha akakataa kurudi nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipouchomelea mguu wa kitanda cha bibi yake. Bibi alikilalia kitanda kile mpaka mwisho wa maisha yake, na hakikuyumba.

Shule ya msingi aliisoma kwa masista wa Likasi, kuanzia 1972 hadi 1978. Baada ya hapo aliomba nafasi katika shule ya ufundi ya wavulana. Mkuu wa shule alimweleza baba yake kwamba haiwezekani, kwa sababu shule haikuwa na choo cha wasichana. Jumamosi iliyofuata mzee Anatole alifika pale na mbao, mabati na msumeno, na kufikia jioni choo kilikuwa kimesimama. Blandina alihitimu mwaka 1984, akiwa wa pili kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Alipoulizwa habari za yule wa kwanza alikuwa akijibu, “Yule alijua kuandika tu.”

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Athanase Mulumba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Serge na Larissa. Athanase alitangulia kuja Durban mwaka 2002 na kufungua kibanda cha simu mjini. Mama na watoto walimfuata Novemba 2003, wakahamia Queensburgh, pembezoni mwa Durban. Kwa miaka miwili Blandina alisuka nywele katika saluni moja mjini. Alisuka vizuri, ila moyo wake haukuwapo.

Aliposema anataka kurudi kwenye kuchomelea, Athanase hakupendezwa. “Watu watasema nini?” alimuuliza. “Watasema nimeshindwa kukulisha.”

“Waseme,” Blandina alimjibu. “Mimi niko na mikono.”

Februari 2006 alikwenda Pinetown, mji wa jirani, kwa Bwana Pillay, mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kukatia majani, akaomba kazi. Bwana Pillay alimwekea lundo la fremu zilizovunjika na kumpa wiki moja ya majaribio. Siku ya tatu alimkabidhi funguo za karakana. Hata hivyo kanisani Athanase aliendelea kuwaambia watu kwamba mke wake yuko saluni. Blandina aliyasikia hayo na hakubishana naye mbele za watu.

Kazi iliyomjulisha kwa wengi aliletewa na Sista Coletha, Mtanzania wa Songea, msimamizi wa nyumba ya wazee huko juu karibu na Underberg, chini ya milima. Mwishoni mwa Julai 2011 theluji ilifunga njia ya nyumba hiyo, mita mia sita kutoka getini hadi mlangoni. Mzee mmoja aliugua, ikabidi masista wamlaze juu ya mlango waliouong’oa na kumbeba hadi barabarani. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Sista Coletha alipokuja Durban kusali Misa ya Kiswahili alimsimulia Blandina habari hiyo. Alimwambia pia kwamba wana trekta dogo la kukatia majani, lile ambalo mtu hukaa juu yake na kuliendesha, na kwamba majira yote ya baridi linakaa bure.

“Lileteni,” Blandina alisema. “Litasukuma theluji.”

Bwana Pillay alimuuliza, “Blandina, umewahi kuiona theluji?”

“Hapana.”

“Eish. Hata mimi. Sasa utaipimaje kazi yako?”

Blandina aliagiza vumbi la mbao kutoka kwa wapasua mbao, akalilowesha maji na kulirundika uani mahali pa theluji. Alilipasua bomba kuukuu la chuma kwa urefu, akapata bamba lenye mkunjo, akalifunga mbele ya trekta. Wafanyakazi wa karakana za jirani walikuja kumcheka, wakabaki kumsaidia kurundika.

Mei 2012 bamba lilipelekwa milimani kwa majaribio. Liligonga kifuniko cha mtaro, na ekseli ya mbele ikapinda. Blandina aliinama, akatazama, akasema, “Nimekosea mimi. Nimelifunga kwenye ekseli, na nguvu ilipaswa kwenda kwenye fremu.” Alilirudisha Pinetown na kuanza upya. Alikitoa kile chombo cha visu kilicho chini ya tumbo la trekta, akapitisha pale mikono miwili mirefu ya chuma mpaka kwenye fremu ya nyuma. Wenzo uliokuwa ukinyanyua visu sasa ulinyanyua bamba. Nyuma ya bamba aliweka springi, ili likigonga jiwe likunjike na kurudi lenyewe. Matairi aliyavika minyororo, na nyuma ya kiti akafunga mifuko ya mchanga.

Jumatatu tarehe 6 Agosti 2012 alilipeleka tena, akiendeshwa na mdogo wake Apollinaire, anayesoma maneno haya. Walilala huko. Kulipokucha theluji ilikuwa imefika magotini. Gogo Ntombela, yaani Bibi Ntombela, mmoja wa wazee wa nyumba hiyo, mwenye miaka themanini na miwili, alikuwa akihangaika kupumua tangu alfajiri. Saa nne asubuhi gari la wagonjwa lilifika getini na kusimama hapo, kwa kuwa dereva hakuthubutu kuingia.

Blandina alivaa makoti mawili ya masista na glavu za kuoshea vyombo, akapanda trekta. Baada ya mita hamsini theluji ilianza kuganda kwenye bamba, na trekta likawa linasukuma mlima wa theluji. Alizima injini.

“Sista, mishumaa iko?”

“Iko mingi, mama. Unataka ya nini?”

“Nipatie yote.”

Alilisugua bamba lote kwa nta ya mishumaa. Alipowasha tena, theluji iliteleza na kumwagikia pembeni. Alipanda na kushuka ile njia kwa saa moja na dakika ishirini, mpaka gari la wagonjwa likaingia na kufika mlangoni. Gogo Ntombela alirudi kwa wazee wenzake baada ya siku kumi na mbili. Siku ile ya theluji, kazi ilipokwisha, Blandina aliokota theluji kidogo, akaibonyeza kiganjani, akamwambia mdogo wake, “Iko kama unga, ila haipikiki.”

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Athanase alisimama kanisani bila kuitwa. “Miaka yote nimewaambia mke wangu yuko saluni,” alisema. “Nilidanganya. Mke wangu ni mchomeleaji.” Njiani kurudi nyumbani Blandina alimwambia, “Umechukua miaka sita.” Athanase akaomba msamaha. “Nilikusamehe zamani,” Blandina alisema. “Nilikuwa nangoja tu.” Kabla ya majira ya baridi ya 2013 aliunda mabamba mengine matatu kwa wenye mashamba na hoteli za milimani, na halikupinda hata moja.

Oktoba 2014 alianza kudhoofika, na vipimo vikaonyesha saratani ya ini. Alimuuliza daktari, “Hiki ni kitu cha kutengenezwa ao cha kuvumiliwa?” Daktari alimjibu kwa upole kwamba ni cha kuvumiliwa. “Sharp,” Blandina alisema, kama wanavyosema watu wa Durban wakikubali jambo. “Basi tukivumilie vizuri.” Alikwenda kazini mpaka Machi, na alipochoka kusimama alichomelea akiwa amekaa.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 19 Juni 2015, hospitalini hapa Durban, alimuuliza Athanase kama amekula. Athanase akasema bado. “Enda ukule,” alimwambia. Athanase alishuka, akala mkate na chai kama alivyoagizwa. Aliporudi, Larissa alikuwa ameushika mkono wa mama yake, na Blandina alikuwa ametutoka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Ameacha mume, Athanase. Watoto wawili, Serge na Larissa. Mkwe mmoja, Yvette. Mjukuu mmoja, Salvator, mwenye miezi mitano. Mdogo wake, Apollinaire. Bwana Pillay, aliyeifunga karakana wiki nzima kwa heshima yake. Na wazee kumi na wanane wa kule milimani, ambao majira haya ya baridi njia yao iko wazi.

Bwana aliyempa mikono ile sasa aipumzishe, na amani yake imfunike.