Taa za Nyumba ya Kadibodi

Benchi letu liko kwenye kona, ukutani kwa kinyozi, na asubuhi ile nusu yake ilikaliwa na nyumba. Nyumba ya kadibodi, ukubwa wa sanduku la televisheni, ina milango na madirisha hadi ya jikoni. Kaitengeneza mwenzetu Seremala kwa ajili ya mama yake. Ile ya kweli ilibomolewa zamani kupisha barabara, Seremala akiwa bado wa kubebwa mgongoni, hivyo vipimo vyote alipewa na dada yake. Sasa macho ya mama yanafifia, na ameomba aione nyumba yake kabla hayajapofuka kabisa. Kinachomfikia bado ni mwanga. Seremala akaamua kutia taa kila chumba, na hapo ndipo jasho lilipoanza.

— Jana ziliwaka zote, alisema. Nimekwenda kunawa gundi, narudi, moshi. Paa limeungua, ona.

— Kumbe ni shimo? Gia aliuliza. Huyu ni dereva mstaafu, na kwake kila kitu ni gari. Nilidhani umeweka ekzosi ya kutolea moshi, akaongeza.

— Nikanunua hizi ndogo zisizotoa joto. Leo inawaka moja tu. Ya chooni.

Tukainama kuchungulia. Kweli, choo kinang'aa kama ukumbi wa harusi, sebule giza totoro.

— Umeme umechoka, Gia akasema. Umepanda ukuta wote huo, umefika chooni, umekaa.

— Na gari likichoka unafanyaje? Seremala akamuuliza.

— Nasukuma.

— Haya, isukume nyumba!

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. Tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui".

— Waya nyekundu na nyeusi zimenuniana. Ziache siku mbili zitapatana zenyewe.

— Siku mbili natoa wapi, Profesa? Mama yuko njiani.

— Umejaribu kuzigeuza hizo taa? nikauliza. Labda umeziweka kinyume.

— Nimegeuza. Ya jikoni ikawaka, ya chooni ikazima. Nikarudisha, ya chooni tena. Nikishika huku, kule kunakata.

— Basi nyumba ina kinyongo, Profesa akasema. Ungebomolewa wewe, ungewaka?

— Hapana, Gia akadakia. Umeme una akili. Umechungulia, umeona hamna mtu ndani. Umwakie nani?

Profesa akaona hilo lina maana. Akakata mtu wa kadibodi, akamkalisha sebuleni. Taa ya chooni nayo ikazima.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Seremala hakucheka. Aliweka koleo chini, akajifuta uso kwa mkono wa shati, muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Ndipo dada yake akatokea, amemshika mama yao mkono. Tukaamka tukasalimia. Mama akapewa nafasi kwenye benchi. Dada akainua paa, akatazama ndani.

— Waya zote hizi za nini?

— Taa za vyumba, dada.

— We mtoto! Nyumba yetu ilikuwa na umeme lini?

Gia akamtazama Profesa. Profesa akautazama mkasi wake.

— Tulikuwa na kandili moja, dada akaendelea. Mama akienda jikoni anakwenda nayo, sisi tunabaki gizani tunafinyana.

Seremala akang'oa waya zote. Akaacha taa moja kwenye waya mrefu, akaiunga kwenye betri. Ikawaka bila ubishi. Akaiweka kwenye vidole vya mama.

Mama akasogeza uso karibu kabisa. Akaiingiza taa mlangoni, akaipitisha sebuleni, akachungulia jikoni nayo, anatabasamu. Alipofika chumba cha nyuma akaikinga kwa kiganja, mwanga ukapungua.

— Shii, akatuambia. Mdogo amelala.

Mdogo mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, na mvi zake, ameshika betri.