Kinyozi na Bastola Aliyoisalimisha

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kitinda mimba wa mwashi na mkunga. Mama yake alizoea kusema mtoto huyu alitoka na nywele kama mtu aliyechelewa kwenda kwa kinyozi.

Shuleni hakuwika. Akiwa darasa la sita alichukua mkasi wa mama yake, akawanyoa wenzake kwa ajili ya picha ya darasa. Picha hiyo ipo hadi leo, na safu nzima ya mbele imeinamisha vichwa. Mwalimu mkuu alimwadhibu, kisha Jumamosi akampelekea wanawe wawili awanyoe.

Mwaka 1979 alifungua banda lake la kinyozi karibu na stendi. Mwaka 1983 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye husema aliolewa na redio isiyo na pa kuzimia. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 wezi walimvamia mchana kweupe, wakamfunga kwa waya wa mashine yake mwenyewe, wakampiga hadi akalia mbele ya wateja. Kipigo alikisahau, kilio hakukisahau. Aliomba kibali, akanunua bastola, akawa anaivaa kiunoni chini ya koti lake jeupe. Tangu hapo kila aliyeketi kitini alihubiriwa kwamba mtu huru hangoji polisi wamfikie, hujilinda mwenyewe. Mkewe alimwambia chuma kile kisilale chumba kimoja naye. Marehemu alicheka, akasema wanawake huogopa hata vivuli.

Yeye na Fundi Viatu, jirani yake wa ukuta mmoja, walikuwa chanda na pete. Alasiri moja ya Juni 2009 umeme ulikatika. Fundi Viatu aliingia kwa mlango wa nyuma, akamziba macho kwa viganja, utani wao wa miaka nenda rudi. Marehemu hakusubiri kuuliza ni nani. Alichomoa bastola, akafyatua, na risasi ikasaga goti la rafiki yake.

Polisi walichunguza wakasema hana kesi, kwa kuwa alidhani anavamiwa. Wapo waliompa mkono wa pongezi. Alirudi nyumbani, akajifungia bafuni, akaketi juu ya ndoo. Mkewe alimsikia akisema, "Sheria imeniachia. Mimi nitajiachiaje?"

Kesho yake aliisalimisha bastola. Lakini kwa rafiki yake hakwenda. Alituma matunda, akamtuma mkewe, akawatuma wanawe. Miguu yake mwenyewe iligoma. Akimwona barabarani na mkongojo, aliinama kama anayefunga kamba za viatu. Mwisho akahamishia banda lake mtaa mwingine, akasingizia kodi imepanda.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na mwaka 2023 akalazwa. Siku moja Fundi Viatu alichechemea hadi wodini. Marehemu alijifunika shuka gubigubi.

"Jifunike tu," mgeni akasema, akivuta kiti. "Nimekuja kukuona, sikuja kuonwa."

Aliketi hadi wageni walipoombwa kutoka. Akaja tena, na tena. Shuka lilishuka hadi kidevuni, wakazungumza habari za mpira na za watoto. Goti halikutajwa.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023. Siku chache kabla, alimshika mkono binti yake mkubwa, anayewasomea maneno haya, akamwambia: "Msije mkanisafisha kwa maneno. Someni na lile la goti. Semeni nilipata ujasiri wa kufyatua risasi, nikakosa wa kubisha hodi kwa mwenzangu nimwombe radhi."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili na wajukuu watano. Ameacha pia rafiki, ambaye mjane amemweka leo safu ya mbele, miongoni mwa wafiwa. Bwana Fundi, marehemu anakuomba radhi. Na sisi tuliobeba matunda kwa niaba yake, tukijua fika si matunda uliyokuwa ukiyangoja, tunakuomba radhi pia.

Mungu amjalie pumziko la amani.