Vumilia, Aliyefunga Mdomo Mbele ya Afisa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Gitega mjini, mlioko vilimani Bugendana na Buraza, na ninyi wa sokoni Muyinga mnaotusikia huku mkipima maharage, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Vumilia, mke wa Moïse Bahizire. Vumilia alitutoka mwezi uliopita, Muyinga, baada ya kuugua kifua muda mrefu. Tulilia, ndiyo. Lakini leo nataka tujivunie maisha yake kidogo.

Vumilia alizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Alilelewa na bibi yake, Lucia. Waliporudi Burundi walipewa shamba lao Bugendana, wakalima mihogo na ndizi. Bibi Lucia hakumwachia mali. Alimwachia adabu. Alimwambia: mwanamke halitamki jina la baba mkwe wake. Unamwita baba, basi. Jina lake unaliacha lilipo.

Halafu akaja Moïse. Moïse ni Mkongomani wa Bukavu, anauza vitenge Muyinga. Alikuwa akileta mzigo Gitega, na Vumilia alikuwa akinunua kitenge ambacho hakukihitaji. Dada yake, Imelda, bado anacheka akikumbuka: "Nguo zilijaa nyumbani hadi bibi akauliza kama tunafungua duka!"

Wakaoana. Kanisani, na komini pia, kwenye ofisi ya serikali. Na baba yake Moïse, wasikilizaji wapendwa, anaitwa Emmanuel. Mlishike hilo. Anaitwa Emmanuel.

Mimi niliimba kwaya moja na Vumilia. Kila Noeli, wimbo ukifika kwenye jina hilo, sisi wote tunapaza sauti, yeye anafunga mdomo. Likipita, anaendelea. Mwalimu wa kwaya alidhani amesahau maneno.

Sasa, Moïse ni mgeni. Ili aishi hapa na mke wake, alihitaji kadi ya ukaaji. Bila kadi, arudi Kongo. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Leta cheti cha kuzaliwa kutoka Bukavu. Kikaja, jina limeandikwa Moize, kwa zeta. Kirudishe. Leta picha za harusi. Leta barua ya komini. Majirani wakamtania Vumilia: "Wewe, umeolewa na mwanaume au na makaratasi?" Naye akajibu: "Nimeolewa na vyote viwili, ila makaratasi hayakoromi."

Mwishoni wakaitwa ofisini, Gitega, kuhojiwa. Kila mtu peke yake. Maana wako watu wanaooana kwa kulipana, ili mmoja apate kadi. Afisa anataka kujua kama ndoa ni ya kweli. Moïse aliingia kwanza. Akajibu yote. Kisha Vumilia.

Afisa akamuuliza anapika nini. Akajibu. Mume analala upande gani. Akaona haya, akajibu. Kisha: "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Vumilia akanyamaza.

"Mama, hujui jina la baba wa mume wako?"

"Nalijua."

"Basi liseme."

"Siwezi."

Afisa akaweka kalamu chini. Akamwambia hii ndoa ina mashaka, na mume wake ajiandae kurudi kwao.

Yaliyotokea nje nilielezwa na Moïse mwenyewe. "Bibi yangu Vumilia alitoka mule, uso imebadilika," aliniambia. "Nikamuuliza, chérie, ni nini? Akanielezea. Mi nikashika kichwa. Nikamwambia, rudia pale, useme tu! Mzee iko Bukavu, hata hasikii! Akaniangalia, akasema: 'Yeye hasikii. Mimi nasikia.'"

Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Neno moja tu, na mume anabaki. Neno hilo hilo, hawezi kulitamka. Vumilia hakugombana. Alikaa kwenye benchi. Watu wakaingia, wakatoka. Alingoja mpaka wote wakahudumiwa, kisha akagonga mlango.

"Bwana," alisema, "wewe unasali?"

"Nasali."

"Yule mtoto wa Mariamu, nabii alisema ataitwa jina gani, lile lenye maana Mungu yuko nasi?"

Afisa akamwangalia. "Emmanuel?"

"Umesema wewe. Mimi sijasema."

Afisa akafungua karatasi ya Moïse. Emmanuel. Akaanza kucheka polepole, halafu akaacha. Akamuuliza: "Ungekubali kumpoteza mume kwa ajili ya jina?"

Vumilia akamjibu: "Ulitaka kujua kama mimi ni mke kweli. Mwanamke aliyelipwa angekutajia haraka."

Kadi ilitoka. Moïse alibaki. Wakaishi Muyinga, wakapata binti, Ruth. Na tangu hapo, msichana yeyote aliyeolewa na mgeni alimtafuta Vumilia pale kwenye vitenge. Aliwaambia: angalieni herufi za majina, zifanane kila mahali. Piga picha na wakwe, si na keki tu. Na ukiulizwa kitu ambacho mdomo unakataa, usikimbie. Kaa kwenye benchi, fikiri.

Siku ya mazishi, mzee Emmanuel alikuja kutoka Bukavu. Habari hii aliisikia pale, kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Akasema: "Miaka yote aliniitaga Papa tu. Mi nilifikiri ni upole yake. Kumbe huyu mtoto alibeba heshima yangu mpaka ndani ya bureau ya afisa!" Akavua kofia yake, akaenda kumshika Moïse mkono.

Moïse, ndugu yetu, pole sana. Ruth, mtoto wetu, pole. Mzee wetu wa Bukavu, Imelda, na ninyi wote wa Bugendana, poleni. Mungu ampumzishe Vumilia.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, leo tukikaa na wenzetu kwenye chakula, tujiulize. Kama mngeitwa wewe na mwenzako, kila mmoja chumba chake, kitu gani kingeonyesha kwamba mnaishi pamoja kweli? Si lazima liwe jibu refu. La Vumilia lilikuwa kunyamaza.